Jiwe la Domna

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika zama za Warumi, katika mji mmoja wa Sham, aliishi mchonga mawe ya makaburi aitwaye Barlaha. Alikuwa amemwamini Mungu Mmoja kwa wito wa wafuasi wa Nabii Isa, amani iwe juu yake.

Watu wa mji ule walizika kando ya njia kuu, nje ya lango, ili kila apitaye asome. Kwenye jiwe waliandika jina la maiti na umri wake kwa miaka, miezi na siku. Likiwa jiwe la mke, waliongeza: "Aliishi na mumewe bila lalamiko hata moja." Maneno hayo yaliagizwa mno, hata Barlaha akawa anayachonga mapema na kuacha nafasi ya jina na umri tu.

Kisha mkewe, Domna, akafariki. Kaka wa marehemu, Malko, akaja karakanani, akachagua jiwe miongoni mwa yaliyokwisha chongwa, akataka lijazwe kabla ya siku ya tisa, jamaa watakapokusanyika kaburini kula chakula cha matanga. Barlaha akachonga jina. Akachonga umri: miaka arobaini na mmoja, miezi saba, siku nne. Alipoisoma ile sentensi iliyokwisha chongwa, akaweka patasi chini.

Kwani miaka kumi na tisa nyuma, kabla hajaamini, Domna alijifungua binti wa pili. Ada yao ilikuwa mtoto mchanga kulazwa chini mbele ya baba. Akimwinua, ni wake. Asipomwinua, hutolewa nje akaachwa. Barlaha alitaka mwana wa kiume, akageuza mgongo. Domna aliomba mara moja tu arudishiwe mtoto wake, akakataliwa, wala hakulitaja tena. Barlaha alipotubu alimwomba radhi mara nyingi, na mara ya mwisho mkewe alipokuwa akikata roho. Domna akamjibu kwa upole, "Mume wangu, aliyeachwa si mimi. Kamwombe yeye."

Barlaha akamwambia Malko kwamba ile sentensi ataifuta, na ukweli atauandika. Malko akacheka kidogo.

"Shemeji, umemwandikia hata mwoka mikate, na mji mzima unajua mkewe alimvunja jino kwa mchi. Leo ndipo patasi yako imeona haya?"

"Yale yalikuwa maneno yao. Haya ni yangu."

"Mpwa wangu Marta ameposwa. Wakwe zake watapita pale. Watasoma."

"Ndiyo maana huandikwa, Malko."

Malko akamgeukia Marta, binti mkubwa, amzuie baba yake. Marta akauliza, "Baba, mama alimpa jina?"

Barlaha hakujua. Akaenda kwa mkunga aliyemzalisha Domna, ambaye sasa alikuwa kikongwe. Mkunga akasema alimlaza mtoto nyuma ya tanuri za wafinyanzi, penye joto. Kesho yake hakumkuta. Huenda walimchukua wauza watumwa, huenda mbwa. Mama yake alimnong'oneza kitu sikioni kabla hajatolewa, lakini yeye mkunga hakusikia.

Barlaha akarudi, akamsimulia Marta yote. "Andika, baba," Marta akasema.

Akaifuta ile sentensi mpaka jiwe likaingia shimo, na ndani ya shimo akachonga: "Alizaa mabinti wawili. Wa pili, baba yake hakumwinua. Jina lake alilijua mama yake. Siku zake anazijua Mungu. Mimi Barlaha, baba yake, nimeandika."

Siku ya tisa jamaa walisoma, wakaondoka bila kuonja chakula. Posa ikavunjika. Malko hakumwita tena shemeji. Miaka ikapita, wala hapana aliyefika kusema, "Mimi ndiye."

Mmoja wa waumini alimwuliza Barlaha uzeeni kama moyo wake umetulia.

"La," akasema. "Sikuandika ili nitulie. Niliandika kwa kuwa yeye hana jiwe."

Enyi ndugu, si kila toba hulipwa utulivu hapa duniani. Zipo dhuluma ambazo mwenye haki yake hatutamwona tena mpaka Siku ya Kiyama, na mja mwema hazifuniki, hata akiwa hana tumaini la kusikia neno la msamaha. Mola atukutanishe na tuliowadhulumu hali tumekwisha kukiri dhuluma yetu.