Sinema Iliyoanza na Mazishi

Hapo zamani, televisheni zilipokuwa bado na mgongo mrefu na mtu mmoja hawezi kuibeba peke yake, aliishi Tabora, mtaa wa Ng'ambo, mzee aliyeitwa Mihayo Kapela. Si Mihayo muuza asali wa Cheyo. Huyu alikuwa Mihayo mwana wa Kapela, mstaafu wa reli. Sebuleni kwake palikuwa na televisheni, deki, mikeka, na kiti kimoja cha mninga chenye mikono mipana. Kwenye mikeka alikaa yeyote. Kwenye kiti alikaa Mzee Mihayo.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Sinema ikiisha, hakuna aliyeinuka. Watoto hawakuinuka, wageni hawakuinuka, hata mwenye chungu jikoni hakuinuka. Mzee Mihayo alizima televisheni, akakohoa kidogo, akasema neno lake. Likishasemwa, watu walitafuta viatu vyao mlangoni wakaondoka nalo.

Sinema ya vita ilipoisha, alisema: "Askari wengi, na hakuna hata mmoja aliyeona njaa. Vita gani hivyo?"

Ile ya wapenzi waliolia tangu mwanzo ilipoisha, alisema: "Wamelia kabla hatujafahamiana nao. Mimi silii na wageni."

Tamthilia ya madaktari ilipofika sehemu ya nne, alisema: "Leo daktari amenawa mikono. Tunaanza kuelewana."

Tena hakuruhusu mtu kusema "steringi" wala "adui" mbele yake. "Steringi ni nani?" angeuliza. "Mama yake hakumpa jina?" Basi sebuleni kwa Mzee Mihayo kila mtu wa kwenye kioo aliitwa kwa jina lake kamili, kama mgeni aliyepokewa vizuri.

Maneno yake yalitembea. Yalifika kwa kinyozi, yakafika sokoni, yakarudi yakiwa yameongezwa chumvi. Mzee Mihayo alikuwa mtu wa maneno machache na hakuonyesha furaha yake, lakini siku aliyosikia neno lake kwa kinyozi, kinywani mwa mtu asiyemjua, alirudi nyumbani amenyoosha mgongo.

Umri ukamfikia. Jicho la kulia likaingia mtoto wa jicho, la kushoto likafifia, naye akaanza kuwatambua watu wa kwenye kioo kwa sauti. Basi Jumamosi moja alasiri akatangaza: "Leo nitasema neno. Jumamosi ijayo nitakitoa kiti hiki. Atakayekikalia, neno litakuwa lake mpaka naye achoke."

Waliokitazama kiti kile kwa macho ya kutamani walikuwa watatu: dada yake, Bi Nyamizi Kapela; mjukuu wake, Kalunde, aliyekuwa akishona nguo mtaa wa pili; na jirani yake, Mrisho Songoro, ambaye walikuwa wakitaniana naye tangu ujana.

Siku hiyo sinema ilikuwa ya sidii mbili, imenunuliwa sokoni, iitwayo *Nyumba ya Rubeni*. Deki haikuguswa na mtu ila Mzee Mihayo. Akachukua sidii iliyokuwa juu, akaitia. Sinema ikaanza na mazishi. Rubeni anazikwa, watu wanalia, na mkewe, Damarisi, anasimama kaburini na kucheka. Anacheka mpaka anashika kiuno. Sebule nzima ikaguna. "Mchawi huyo!" akasema mtu. "Ana jina," akasema Mzee Mihayo.

Sidii ikaisha, akatia nyingine. Sasa ndipo jina la sinema likatokea, na Rubeni akaonekana kijana, anamposa Damarisi, anamwambia: "Siku ya kunizika wewe cheka, nisikie sauti yako nijue nyumbani ni wapi." Watu waliokuwa wamemlaani Damarisi wakafuta machozi. Kisha Damarisi akainua kikapu kwenda sokoni, na kioo kikawa cheusi.

Mzee Mihayo akazima televisheni. Akakohoa kidogo. Akasema:

"Mtunzi huyu ametuacha tumhukumu mwanamke, kisha akatuonyesha sisi ni watu gani. Jina la sinema ametuficha mpaka tulipostahili kulijua. Na mwisho hakufunga mlango. Mama amekwenda sokoni, maisha yanaendelea. Hii ndiyo sinema bora iliyopita katika nyumba hii."

Neno lile lilitembea kuliko yote. Wiki nzima Ng'ambo walikuwa wakimwomba msamaha Damarisi.

Jumamosi ikafika. Sebule ikajaa, wengine wakasimama dirishani. Mzee Mihayo alikuwa ndiyo kwanza ameshika mikono ya kiti ainuke, Kalunde akasimama.

"Babu, shikamoo."

"Ulishanisalimu asubuhi."

"Nakusalimia tena, kwa sababu ninalotaka kusema ni zito. Zile sidii niliziazima hapa kwako katikati ya wiki. Nyuma zimeandikwa moja na mbili. Babu, ulianza na ya pili."

Mzee Mihayo akasikia masikio yake yakipata moto. Jina lilikuja katikati. Kikapu cha sokoni. Akaona yote, na safari hii aliona vizuri sana.

"Kaa chini, mtoto huna haya!" akasema Bi Nyamizi. "Unadhani ni wewe peke yako mwenye macho? Mimi nilijua siku ileile, jina lilipotokea."

"Ulijua, Nyamizi?" akauliza Mzee Mihayo.

"Nilijua, kaka. Nikauma ulimi. Watu wamejaa hapa, na ilikuwa sinema yako ya mwisho."

Mrisho Songoro akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mihayo! Ungekuwa bado reli, ungetupeleka Kigoma kwa kupitia Dodoma!" Kisha akaiokota, akafikiri. "Lakini ngojeni. Itieni tena. Kwanza ya kwanza, kisha ya pili. Tuone."

Ikatiwa, na safari hii Kalunde ndiye aliyeitia. Rubeni akaposa, akasema maneno yake. Damarisi akaenda sokoni. Ikatiwa sidii ya pili. Mazishi yakaja, Damarisi akacheka. Hakuna aliyeguna. Walikwishajua kwa nini anacheka. Mmoja akaulizia kahawa, mwingine akapiga miayo.

"Mmeona?" akasema Mrisho Songoro. "Mihayo amekosea sidii, hakukosea sinema. Ile aliyoisifu ni nzuri kuliko hii. Kiti ni changu."

"Chako kwa lipi?" akasema Bi Nyamizi. "Umemcheka kwanza ndipo ukamtetea. Mimi nilimstahi tangu mwanzo. Anayekaa pale lazima ajue neno lipi lisemwe na lipi limezwe. Kiti ni changu."

"Umemstahi, Bibi, huku mtaa mzima unabeba kosa lake mgongoni," akasema Kalunde. "Babu alisema mbele ya watu, nami nimemsahihisha mbele ya watu. Hakuwahi kuihurumia sinema hata moja. Mimi nimejifunza kwake. Kiti ni changu."

"Nawe uliisahihisha sidii tu," akasema Mrisho Songoro. "Sinema yenyewe hukuiangalia. Unajua namba, binti yangu. Mimi nimeangalia nini kinawaliza watu."

"Unamtetea kwa sababu nawe ulifuta machozi kwa shati!" akasema Kalunde, na sebule ikaangua kicheko.

Mzee Mihayo hakucheka. Moto wa masikio ulikuwa umepoa, na kitu kingine kikapanda kifuani, kikubwa kuliko siku ile ya kinyozi. Aliwatazama watatu wale waliokuwa wakigombana juu ya mazishi ya mtu asiyekuwepo, wakimwita Rubeni kwa jina lake na Damarisi kwa jina lake. Mmoja amemfunika. Mmoja amemfunua. Mmoja ameichukua aibu yake akaipindua, ikawa heshima. Hao wote wametoka kwenye mikeka yake.

Akainuka, amenyoosha mgongo. Akasimama kando ya kiti, mkono juu ya egemeo. Akakohoa kidogo.

Watu wakangoja neno. Watoto hawakuinuka, wageni hawakuinuka, hata mwenye chungu jikoni hakuinuka, na chungu kilikuwa kinaanza kuungua.

Mzee Mihayo Kapela akawageukia waliokaa, akasema: "Mmeiona yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kuanzia mwisho mpaka mwanzo. Leo semeni nyinyi."

Nanyi mnaosikiliza, msitafute viatu bado. Bi Nyamizi aliyenyamaza, Kalunde aliyesema, na Mrisho Songoro aliyetazama tena: je, nani alistahili kiti cha mninga?