Zimwi la Mashavu

Sogeeni, wanangu, na mwenye masikio asikie. Palikuwa na bibi harusi, jina lake Mashavu, aliyeolewa na Kombo, mchuma karafuu. Fungate ilipokwisha na jamaa zake wakarudi makwao, zimwi likampanda mabegani. Hakuna aliyeliona ila yeye. Likamnong'oneza, "Ukimwambia mumeo, atakuacha."

Mashavu akaacha kula, akaacha kucheka. Kombo akamwuliza, "Mke wangu, una nini?" Akajibu, "Kichwa tu." Akamwuliza tena. "Moshi wa kuni tu." Alipomwuliza mara ya tatu, Mashavu akageukia ukutani.

Kombo akadhani hapendwi. Asubuhi akafunga nguo zake arudi kwa mama yake. Alipofika mlangoni, Mashavu akasema kwa sauti ndogo, "Usiende ukidhani nimekuchoka. Nina zimwi mabegani. Ni zito kama gunia la karafuu mbichi, nami nalibeba peke yangu."

Kombo akatazama. "Silioni," akasema, "lakini nakusadiki." Akaweka nguo chini, akaketi, akaegemeza bega lake kwenye bega la mkewe. Zimwi likateleza, mguu wake mmoja ukamwangukia Kombo. Hapo akaliona, akalia, maana hakujua kwamba mkewe alikuwa akimpikia chai na uzito ule mgongoni.

Je, lilikimbia? Halikukimbia. Lilikuja na kuondoka miaka mingi. Lakini kila lilipokuja Mashavu alisema, "Limekuja," naye Kombo akasogea karibu.

Ndivyo nilivyosimuliwa, nami nimewapa.