Kwa Nini Samaki wa Mawe Hunyweshwa Maji

Kilima hiki tunakochimba mawe ya kujengea hakikuwa kilima. Kilikuwa chini ya ziwa. Pale juu wanapojipumzisha mbuzi mchana palikuwa na maji ya kumzamisha mtu mrefu, tena maji matamu, yasiyo na chumvi. Msinitazame hivyo, wajukuu zangu. Sijazeeka kiasi cha kuyaona. Niliambiwa na bibi yangu mzaa mama, naye aliambiwa na bibi yake.

Siku hizo nchi ilikuwa ya mijusi. Si hawa wanaokimbia ukutani. Hao walikuwa na shingo zilizopita vilele vya miti, na walipokuja ziwani kunywa, ardhi ilitikisika hadi maziwa yakamwagika kutoka vibuyuni. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wakubwa tu, na mkubwa mara nyingi haoni anachokikanyaga. Kwa hiyo watu wa ufukweni walipatana na samaki. Samaki walivisikia vishindo mapema kupitia maji, wakayapiga maji kwa mikia yao, na kila mama alipousikia mlio huo alimkimbilia mtoto wake. Watu nao hawakuwavua. Walikula mtama na maboga, wakashiba.

Katika watu hao alikuwapo mfinyanzi mmoja, jina lake Nkwimba. Alikuwa na mume, Luhende, na binti mmoja aliyempata baada ya kungoja sana, Minza. Siku moja mjusi aligeuka ghafla, mkia wake ukamzoa Minza alipokuwa akichezea mchanga na kumtupa mbali majini. Nkwimba hakujua kuogelea. Aliingia hadi maji yakamfika kifuani, akasimama pale akilia. Mara akamwona binti yake anarudi, amelala chali juu ya migongo ya samaki wadogo. Mbele yao alikuwa Kamongo, samaki mrefu kama nyoka, akimvuta mtoto kwa ushanga wa kiunoni.

“Amekunywa maji kidogo,” alisema Kamongo, “lakini anapumua. Mshike.”

Nkwimba alimshika mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamshika Kamongo kichwa. Tangu hapo wakaitana dada.

Kisha mvua zikakatika. Mwaka ukapita, na mwingine, ziwa likajikunja kama ngozi iliyoanikwa. Mijusi wakaelekea machweo kutafuta maji, wakubwa mbele, watoto wao nyuma, na hakuna aliyewaona wakirudi. Watu nao wakafunga mizigo. Katika dimbwi lililobaki samaki walibanana, migongo yao ikachomwa na jua, na korongo wakasimama pembeni kuwangoja. Watu wengine, kwa njaa, wakaanza kunoa visu.

Nkwimba akatoa mitungi yake yote, akaichotea maji ya dimbwini na kuanza kuwatia samaki ndani yake.

“Mke wangu,” Luhende alimwambia, “wenzetu wanahama na mbegu. Wewe unahama na samaki?”

“Minza yuko hai,” alijibu Nkwimba. “Mbegu gani nyingine unaitaka?”

Luhende alikuna kichwa. Aliinama, akajitwika mtungi mkubwa kuliko yote, na waliokuwa wakinoa visu walipomwona anapita na mzigo wake, maji yakimwagika mabegani, wakaona haya wakavirudisha visu alani.

Ng'ambo ya milima kulikuwa na mto ambao haujakauka. Waliwapeleka samaki huko, wakawamimina, wakarudi kuchukua wengine. Njia ilikuwa ndefu, na kila waliporudi dimbwi lilikuwa limepungua. Mwishowe wakakuta tope tupu. Samaki wadogo waliokuwa wakingoja zamu yao walikuwa wamelala ubavu, wametulia. Ni Kamongo peke yake aliyekuwa akihema.

Nkwimba alijaribu kumtia mtungini. Kichwa kiliingia, mkia ukabaki nje.

“Niache, dada,” alisema Kamongo. “Hata ningeenea nisingekwenda. Hawa ndio waliombeba mwanao migongoni. Nani atabaki nao?”

Nkwimba aliketi kwenye tope akalia. Alipomaliza kulia, alimwagiza Luhende alete udongo aliokuwa ameuhifadhi nyumbani, ule laini kuliko wote, aliouweka kwa ajili ya vyungu vya arusi ya Minza. Akautandaza chini. Akawalaza samaki wadogo juu yake mmoja mmoja, akawanyoosha mapezi kwa kidole, kama unavyomnyooshea mtoto mkono alioulalia vibaya. Kisha akawafunika kwa udongo uleule, akaulainisha kwa kiganja, ili korongo wasiwaguse.

Nkwimba alimfunika Kamongo kwa tope zito, kwa sababu jua lilikuwa linamuua. Lakini hakuweza kuvumilia kuufunika uso wa dada yake. Alichukua kijiti chake cha kufinyangia, akatoboa tundu juu ya mdomo wake.

“Vuta hewa hapa,” alimwambia. “Vuta polepole. Mvua itakuja.”

Mvua ilichelewa. Nkwimba alizeekea kando ya ule mto mwingine, akafa, na Minza akawa mama wa watu wazima. Hatimaye mawingu yalipokusanyika, Minza alirudi kwenye bonde la lile ziwa, akaketi pale alipoonyeshwa na mama yake. Mvua ikanyesha, tope likalainika, Kamongo akachomoza kichwa, amekonda, akavuta hewa kwa kinywa wazi.

“Wewe si dada yangu,” alisema, “ila una macho yake.”

“Mimi ni Minza. Mama ametangulia. Aliniambia nije.”

Kamongo aligeuza kichwa kutazama walikolazwa wenzake. “Na wadogo zangu? Mvua imewaamsha?”

Minza alikwenda walikolazwa. Udongo ulikuwa umekuwa jiwe, na ardhi ilikwisha kuanza kuinuka. Alipasua bamba moja, akamkuta samaki ndani, kila mwiba mahali pake, mapezi yamenyooshwa vilevile, lakini amefifia kama kivuli. Basi alichota maji kwa viganja akayamwaga juu ya jiwe. Magamba yakakolea, yakang'aa, ungedhani samaki ametoka majini sasa hivi. Akalinyanyua jiwe Kamongo alione.

“Ni yeye,” alisema Kamongo. “Anapendeza.”

Wakamtazama pamoja mpaka jiwe likakauka.

Na tangu siku hiyo kamongo, ijapokuwa ni samaki, huja juu kuvuta hewa, na kiangazi hujizika topeni akiacha tundu dogo la kupumulia. Na sisi wa kilima hiki tukipasua jiwe tukamkuta samaki, hatumpigi nyundo wala hatumweki ukutani. Tunaweka kazi chini, tunamletea maji. Kila mtu anasogea kumtazama aking'aa, na hakuna anayeondoka kabla jiwe halijakauka.