Mpini wa Jembe kwenye Meza ya Pool

Hili sikusimuliwa, ndugu zangu. Niliona kwa macho yangu haya, nimekaa na soda yangu, na asiyeamini akaiulize chupa.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyezunguka miji kwa baiskeli, akila kwa mchezo wa pool. Fimbo hakuwa nayo. Alichezea mpini wa jembe, tena uliopinda kama mguu wa mbuzi. Akiingia bandani anaanza kulia: "Jamani, mimi mkulima tu, nionjesheni mchezo wenu." Watu wanacheka, wanaweka dau. Kabla jua halijazama, kuku, redio, hata viatu vya watu vimepanda keria ya baiskeli.

Siku niliyomwona mimi, mjini Kaliua, alimpata fundi cherehani.

"Fundi, unaogopa mpini wa jembe?" watu wakamchokoza.

Fundi akapandwa na mori, akaweka dau cherehani yake, ile ile iliyolisha nyumba nzima. Bwana akaweka baiskeli. Moyoni alikuwa ameshaifunga cherehani kwenye keria.

Fundi akapaka chaki fimbo yake, kisha akasita.

"Hapana. Wewe ni mgeni. Kwetu mgeni hali kwenye kifuu, mwenyeji akala kwenye sahani. Shika fimbo yangu, nipe huo mpini."

"Aa, kaka, mimi mnyonge nimezoea hivi hivi..."

"Pokea, baba! Usimwaibishe fundi!" watu wakapiga kelele.

Nani hukataa heshima mbele za watu? Akapokea. Fimbo nyepesi, imenyooka kama reli. Akainama, akalenga, akapiga. Mpira ukaenda kushoto. Akapiga tena, kushoto. Akaichungulia fimbo kama mtu anayetafuta ufa. Haikuwa na kosa. Miaka yote mkono wake ulijifunza kuusahihisha mpini uliopinda. Sasa ulikuwa unakisahihisha kilichonyooka.

Fundi naye alikuwa anabahatisha tu, watu wanajishika mbavu, lakini hata kubahatisha kulitosha. Akashinda. Kisha akamrudishia baiskeli: "Nenda salama, mgeni wetu."

Je, sisi? Hatuna mipini yetu? "Mimi mnyonge tu, mimi sikusoma, mimi sina mtu," tunalia, ili mwenzetu alegee tumle. Na tunashinda! Nani atabisha? Lakini siku Mungu anapotuheshimu, akatutia mkononi kitu kilichonyooka, tunakipigaje? Wangapi hapa tumepewa mwenzi mkweli, tukakaa tunamchungulia tukitafuta ufa? Tukasema, huyu ana hila? Ufa uko kwenye mkono, ndugu yangu. Fimbo haina neno.

Sasa, jambo moja nimewatungia. Fundi hakurudisha baiskeli. Yule bwana aliondoka kwa miguu, na hakuna aliyemsindikiza. Baiskeli nimeirudisha mimi, hapa hapa, maana nimewatazama nyuso, nikaona wengi wetu tungependa irudishwe.