Vifaranga wa Maili Nane na Nafasi Moja

Sogea, wewe uliye na kazi, na wewe uliye na vyeti tu. Kisa changu hakina sungura wala mganga. Kina gari, vifaranga na nafasi moja ya ajira. Nikimaliza mimi, zamu ni yako, kwa hivyo usisinzie.

Walikuwako wahitimu watatu, na kila mmoja alikuwa na chake.

Wa kwanza ni Ominde. Alisomea upimaji wa ardhi, akavaa joho, akapigwa picha, akarudi kwao kupima urefu wa siku. Chake kilikuwa kidude cha kuonyesha njia, kile cha kubandika kwenye kioo cha gari, alichonunua chuoni wakati wenzake walikuwa wananunua viatu. Kidude kilijaa ramani ya nchi nzima, na kiliongea kwa sauti ya mama wa Kizungu asiyejua kukasirika.

Wa pili ni Kemunto. Alisomea lugha, Kijapani kikiwemo, maana mhadhiri alimwambia there is a very big market. Soko lenyewe hajaliona hadi leo. Chake kilikuwa kusoma maandishi ambayo wewe na mimi tukiyaona tunadhani kuku amepita na miguu michafu.

Wa tatu ni Mwachofi. Shahada yake ni ya maendeleo, na maendeleo yenyewe yalipofika kwao yalimruka. Chake kilikuwa mdomo. Hakikuhitaji betri, hakikuwa na waya, na hakuna mwizi angeweza kukipora kwenye foleni.

Watatu hao walikuwa kwa Madam Chelagat wa Nakuru, mwenye nyumba ya kuangulia vifaranga. Walikuwa intern. Intern ni mtumwa aliyeandikiwa barua ya pongezi. Siku moja Madam akawaita, mkononi ameshika funguo za gari.

"Nafasi imetokea," akasema. "Moja. Dereva wa kupelekea wateja vifaranga, mwenye mshahara. Mnisikize vizuri. Nanunua magari mengine, na fundi ananiuliza: Madam, tukutengenezee navigesheni ya ndani ya dashibodi, au ununue za kubandika? Mimi sijui. Kwa hivyo nendeni wote. Atakayewafikisha vifaranga ndiye nitamwajiri, na njia yake ndiyo nitaweka kwa magari yote."

"Na wakifa, Madam?" Kemunto akauliza.

"Wakifa nitakuwa nimejua kwamba kati yenu hakuna dereva. Wanangojwa na akina mama wa chama cha akiba huko Maili Nane, kwa Mama Njoki, kando ya kanisa la bati jekundu. Jiko la kuwapasha joto lishawashwa. Kifaranga wa siku moja hana mama, na baridi ya huko haina huruma. Mbona mnaniangalia? Nendeni!"

Gari lilikuwa van ya Kijapani, mtumba kama mashati yetu. Mwachofi akashika usukani. Ominde akabandika kidude chake kiooni. Kemunto akakaa katikati, magoti yakigusa dashibodi. Nyuma, masanduku yakapiga kelele kama shule siku ya kufunga.

Mwachofi alipowasha, skrini ya dashibodi ikaamka, na mwanamke akasema kitu kirefu kwa adabu nyingi.

"Huyo husema hivyo kila asubuhi," Mwachofi akasema. "Mimi humwambia amina."

"Haombi," Kemunto akamjibu. "Anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa."

"Miezi yote hii nimemwitikia amina kwa sababu ya kadi?"

Ominde akacheka. "Na ramani yake ni ya Japani. Ona, kwa skrini tuko mahali hakuna barabara, hakuna mji, hakuna chochote. Gari linaelea kwenye kijivu. Kemunto, hiyo ni TV iliyoharibika."

"Angalau yangu ilikuja na gari," Kemunto akasema. "Yako imeshikiliwa na mate."

Wakashika barabara kuu. Kabla ya kufika Molo, lori la kabichi lilikuwa limelala ubavu, limefunga barabara kutoka mtaro hadi mtaro. Wenye magari wamezima injini. Wenye magunia wanaokota kabichi, na askari anawaomba waokote kwa mstari. Madereva walisema winchi itatoka Nakuru, ikitoka. Mwachofi akashuka, akaongea na kila mtu, akajua jina la dereva wa lori na ukoo wa turnboy, msaidizi wake, lakini njia hakuna aliyempa. Nyuma kelele ilianza kupungua, na kifaranga akinyamaza hafikirii mambo. Ndipo Ominde akagusa kidude chake mara mbili. Mama wa Kizungu akasema, "Turn left." Kushoto kulikuwa na ua wa michongoma na pengo ambalo ungedhani ni la ng'ombe. Mwachofi akasita.

"Pita!" Ominde akasema. "Hapo kuna barabara ya shamba. Satelaiti inaiona."

Wakapita. Kushoto, kulia, katikati ya mashamba ya viazi, nyuma ya boma la mtu aliyebaki mdomo wazi na mswaki mkononi, hadi wakaliacha lori lile nyuma kabisa. Kama si kidude cha Ominde, wangekaa kwenye foleni ile mpaka masanduku yawe kimya. Hilo la kwanza. Liweke pembeni.

Sasa, njia ile ya mashamba haikuwarudisha kwenye lami. Iliwaingiza msituni, kwenye barabara za wakata mbao, na ukungu ukashuka kama blanketi lililoloweshwa. Msitu huo una njia nyingi, na zote zimezaliwa na mama mmoja: tope lilelile, magogo yaleyale, panda baada ya panda. Kwenye kidude cha Ominde kukabaki rangi ya kijani tu. Mama wa Kizungu akasema, "Make a U-turn." Wakageuka. Akasema tena, "Make a U-turn."

"Anatufundisha dansi," Mwachofi akasema.

Ominde akakipiga kofi. Hakuna kitu.

Vidole vya Kemunto vilikuwa vikitembea kwenye skrini ya dashibodi, akifungua ukurasa mmoja wa miguu ya kuku baada ya mwingine. Ghafla kijivu kile kikatokeza vidoti vyeupe, vimefuatana kama siafu.

"Simamisha gari," akasema. "Hizi ni nyayo zetu. Haijui tuko nchi gani, lakini inakumbuka kila mahali gurudumu limepita. Oneni. Duara. Na duara lingine juu yake. Tumepita kwenye gogo hili mara tatu."

"Mimi nilidhani ni magogo matatu," Mwachofi akakiri.

Kemunto akawarudisha kwa kufuata vidoti hadi kwenye panda ambayo mkono wake mmoja haukuwa na doti hata moja. "Huku hatujawahi kwenda. Huku." Wakaenda huku. Ukungu ukabaki nyuma, miti ikaisha, jua likawapiga usoni. Kama si Kemunto na skrini yake ya dashibodi, wangezunguka humo hadi mafuta yaishe, na vifaranga waishe. Hilo la pili.

Kutoka hapo kidude cha Ominde kikapata akili tena, na mara mama wa Kizungu akatangaza, "You have arrived." Palikuwa na maduka mawili yaliyofungwa, mashine ya kusaga mahindi na punda mmoja, na simu hazikushika mtandao. Kanisa la bati jekundu halikuwapo. Hata la bati la rangi nyingine halikuwapo.

Ominde akatoa kichwa dirishani, akamwuliza mzee aliyepita, "Shikamoo mzee, hapa ndipo Maili Nane?"

"Ndipo, kijana."

"Na kanisa liko hapo mbele?"

"Liko."

"Basi!" Ominde akasema. "Twende mbele."

Mwachofi akazima gari. "Buda, ulisoma kupima ardhi, hukusoma watu. Ukimwuliza mtu wa kwetu kama kitu kiko mbele, atakujibu kiko mbele. Akisema hapana atakuwa amekuvunja moyo, na wewe ni mgeni. Ungemwuliza kama bahari iko mbele, angekuambia iko."

Akashuka, akaenda hadi kwenye mashine ya kusaga, walipokuwa wanawake wenye madebe ya mahindi. Hakuuliza njia. Akasalimia, akauliza habari za mvua, akasaidia mmoja kushusha debe, kisha akasema, "Mama zangu, nani huku amekuwa akinunua makaa mengi wiki hii, kama mtu anayetaka kumlea mtoto mchanga?"

Wakacheka. "Huyo ni Njoki! Na vifaranga wake! Hata chumba amekiziba kwa magunia." Mmoja akaongeza, "Lakini hapa mmefika Maili Nane ya zamani. Barabara mpya ilipopita kule bondeni, soko lilihama, na lilipohama lilihama na jina lake. Kwani jina lingebaki huku na punda?"

Wakaonyeshwa njia ya bondeni. Kama si mdomo wa Mwachofi, wangefuata adabu ya yule mzee hadi mpakani. Hilo la tatu.

Mama Njoki alikuwa amesimama mlangoni, kanga kiunoni. Akafunua sanduku la kwanza kabla hajawasalimia, akatia mkono, akasikiliza. La pili. La tatu. Kisha akapiga simu. "Chelagat? Wote wazima. Waliokuja wamechafuka kama viazi, lakini vifaranga wazima."

Kesho yake wakasimama mbele ya Madam, kila mmoja na hoja yake.

"Kidude changu ndicho kilichotutoa kwenye lori," Ominde akasema. "Na kinahama kutoka gari hadi gari. Ukinunua magari kumi, hakikuulizi ni gari gani."

"Kikiporwa kwenye foleni je?" Kemunto akasema. "Kilitutoa kwenye lori kikatutupa msituni! Ya dashibodi haiibiwi na haisahauliki nyumbani. Fundi aiwekee ramani ya Kenya, basi."

"Kwa bei ya gari lenyewe," Ominde akasema. "Na ramani hiyo ikichakaa?"

"Zote mbili hazikujua soko limehama," Mwachofi akasema. "Mimi niliuliza."

"Wewe?" Kemunto akamgeukia. "Kwenye lori la kabichi uliongea na dunia nzima, na tulikwenda wapi?"

Madam akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama saa.

"Mmenichosha. Nikimchagua mmoja wenu, nusu hamtaelewa na nusu hamtanisamehe. Kaeni hapo nje. Saa nane mniletee jina moja, mmekubaliana wote watatu. Mkishindwa, mpwa wangu Kibiwott ataanza Jumatatu."

"Madam," Ominde akasema, "with due respect, Kibiwott hana leseni."

"Atapata."

Wakakaa nje juu ya masanduku matupu. Hakuna aliyesema "nitajeni mimi," maana kila mmoja alijua wenzake wangemjibu nini, na kwamba wangekuwa wanasema kweli. Ndani, mayai mengine yalikuwa yameanza kupasuka. Ng'ambo ya barabara, Kibiwott alikuwa anaoshea viatu vyake bombani, polepole.

Sasa ni zamu yako. Bila Ominde wangekwama, bila Kemunto wangezunguka, bila Mwachofi wangepitiliza. Usiniambie waajiriwe wote watatu: hilo ni jibu la mtu aliyeshiba, na nafasi ni moja. Usiniambie wagome: nimekuonyesha Kibiwott. Saa nane inagonga, Madam amefungua mlango, na anangoja jina.

Je, wewe ungemtajia nani?