Mashimo Matatu ya Mama Mbawala

— Hadithi hiyooo!
— Na ije, tuko macho!
— Ni chungu!
— Tutaimeza!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima kama sisi, palikuwa na mjane aitwaye Mama Mbawala. Alikuwa na watoto wawili na kikapu kimoja cha mbegu za soya. Kimoja tu, basi.

Mashamba alikuwa nayo mawili. La bondeni lilikuwa na udongo mweusi, mzuri ajabu. La kilimani lilikuwa mawe matupu. Apande wapi? Akikosea, watoto watalala njaa mwaka mzima.

Desturi ya nchi ile ilikuwa hii: kabla ya kupanda, shamba huchimbwa mashimo matatu, na funza waliomo udongoni huhesabiwa. Wakiwa wengi, hupandi hapo, maana watakula mizizi yote. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa ndege, kwa kuwa wana makucha na macho makali.

Mama Mbawala akampeleka Kanga bondeni. "Shemeji, nitazamie shimo la kwanza."

"Kaa kivulini, shemeji, usijichafue," Kanga akasema. Akaparua, paru, paru, paru! Akainama, akainuka, akapangusa mdomo. "Safi! Hamna kitu."

Akamwita Kware. "Kaa kivulini, mama." Paru, paru, paru! Akainama, akainuka, akapangusa mdomo. "Safi!"

Akamwita Jogoo. Huyo hata salamu hakumaliza. Paru, paru, paru! Akainama, akakawia, akainuka anacheua. "Safi kabisa, mama. Panda!"

Mnacheka? Mwenzenu hakucheka. Alishukuru, maskini, akawapikia uji. Hawakuumaliza, eti wameshiba.

Basi akamwaga mbegu zote bondeni. Mvua ikanyesha, soya ikaota, watoto wakaruka kwa furaha. Wiki ya pili majani yakawa manjano. Wiki ya tatu miche ikalala chini. Mama Mbawala akang'oa mmoja: hauna mzizi. Akang'oa wa pili: hauna mzizi. Akang'oa wa tatu, funza mweupe huyo, mnene, ananing'inia.

Akakimbia hadi kwa wale ndege. "Mlisema hakuna funza! Wanangu watakula nini?"

Kanga hata haya hakuona. "Shemeji, tulipoondoka, shimoni palikuwa na funza?"

"Hata mmoja," akadakia Kware. "Tuliwala wote."

"Mashimo tuliyaacha safi," Jogoo akasema. "Sasa tumekudanganya wapi?"

Mama Mbawala akarudi bondeni analia kwa hasira. Akachimba mwenyewe kwa kwato zake, shimo moja tu. Akahesabu funza kumi na wanne. Akakwea kilimani, akachimba kati ya mawe. Hakuna hata mmoja. Akachimba tena, hakuna. Udongo ulikuwa umelowa, na siku za kupanda zilikuwa bado hazijaisha.

Watoto wakamletea kikapu mbio. "Mama, tupande hapa!"

Akakichukua, akakipindua mbele yao. Hakikudondosha hata punje. Njaa ikaingia, na yule mtoto mdogo hakuyaona mavuno mengine.

Funzo lake ni hili, wenzangu: usimtume akuhesabie yule anayekula anachohesabu. Na ukimtuma, toka kivulini, simama juu ya shimo, utazame mwenyewe.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, na aliyeichukia naye aibebe.