Kisima Kilichomtafuta Mwenyeji

"Zamu yangu ilikuwa jana!" alifoka Makame, na ndoo tupu iko katikati yao.

"Na mimi ni mgeni," akajibu Ruwaida, aliyekuja kutoka mjini kwa likizo. "Mgeni hachoti maji, si ndiyo Bibi?"

Bibi yao, Bi Mashavu, akasukuma kuni motoni. "Ehee! Mgeni! Haya kaeni chini. Na ndoo iacheni hapo hapo, isikie na yenyewe. Paukwa!"

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ya wanyama. Makabila chungu nzima, lakini wote Waislamu, msikiti wao mmoja, kisima chao kimoja.

"Hata mbuzi, Bibi, Mwislamu?"

Hata mbuzi! Ngano yangu au yako, Makame? Basi Idi ikakaribia, na kisima kikakauka. Maji ya udhu hakuna, ya kunywa hakuna. Kanga, yule ndege wa madoadoa, alikuwa na vifaranga, na vifaranga wanalia kiu.

Akaenda Jogoo, kifua mbele. "Kisima, kisima, nipe maji."

Kisima kikauliza: "Wewe wa wapi?"

"Mimi? Babu yangu alitoka Shirazi, na taji lake kichwani. Hili hapa!"

"Karibu, mgeni." Ndoo ikapanda na mchanga mtupu.

Kanga akamwuliza, "Jogoo, babu yako alipofika hapa, alimkuta nani?"

"Alikuta kichaka tu. Na wewe maswali yako!"

Akaenda Mbuzi. "Kisima, kisima, nipe maji."

"Wewe wa wapi?"

"Hadhramaut! Huoni ndevu?"

"Karibu, mgeni." Ndoo ikapanda na mchanga mtupu.

"Mbuzi, na babu yako alimkuta nani?"

"Kichaka."

"Na kichakani kulikuwa na nani?"

Mbuzi akatafuna, akatafuna, akaenda zake.

Akaenda Paka. Huyo babu yake alitoka Istanbul, amelala juu ya mto wa hariri. Kisima kikamwambiaje?

"Karibu, mgeni!" wakaitikia watoto.

Na ndoo?

"Mchanga mtupuuu!"

Akabaki Kanga. Jogoo akamvuta pembeni. "Dada, ukiulizwa, sema Bahareni. Hayo madoa tutasema ni lulu. Ukisema wa kichakani, nani atasimama safu moja na wewe kwenye swala?"

Kanga akaogopa. Kuondolewa safuni siku ya Idi, mbele ya wanawe! Akafika ukingoni.

"Wewe wa wapi?"

Akataka kusema Bahareni. Akawatazama vifaranga, midomo wazi. Ulimi ukakataa.

"Wa hapa. Kichaka kile. Bibi yangu alitaga pale, na sura ya Alhamdu alinifundisha palepale, huku anaparura mchanga atupatie chakula. Kama haitoshi, basi."

Kisima kikacheka mpaka kingo zikatikisika. "Alhamdulillahi, leo nimepata mwenyeji! Maji ninayo, ila nimefukiwa. Miaka yote hii kila anayekuja ni mgeni, na mgeni hafukui. Kanga, wageni wako hawa wana siku ngapi?"

"Siku?" akasema Kanga. "Tangu babu wa babu zao."

"Na desturi ya mwenyeji inasemaje?"

Kanga akageuka. Woga umekwisha. "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Jogoo, jembe. Mbuzi, jembe. Paka, acha kujilamba."

Wakafukua. Taji likajaa tope, ndevu zikajaa tope, hariri ikasahauliwa. Ukiwatazama, humjui wa Shirazi wala wa kichakani. Maji yakabubujika, vifaranga wakanywa, wote wakatawadha. Siku ya Idi Kanga alisimama safuni, Jogoo kulia, Mbuzi kushoto, na hakuna aliyesogea.

Basi wajukuu zangu, babu wa mbali si aibu, mtaje. Lakini Mungu hakuulizi babu yako alishuka bandari gani, na nchi haishibi majina ya babu. Inataka jasho lako. Na ngano yangu nimeitua hapa, ukingoni mwa kisima.

Kuni zikapasuka motoni. Ruwaida akainamisha uso.

"Ruwaida."

"Labeka, Bibi."

"Una siku ngapi hapa?"

"Wiki tatu."

"Ndoo ile pale."